Kabati Linasimulia

Sogeeni, wapwa zangu. Hapa kwangu Mazimbu nina kabati la mbao. Usiku nyumba ikitulia, huongea. Msicheke! Sikilizeni.

"Jina langu lilisafiri," lasema kabati.

Lilitoka wapi, mjomba? Ahsante kwa swali! Mtoto anayeuliza hupata.

"Lilitoka Uingereza. Huko huniita cupboard. Cup ni kikombe, board ni ubao. Ubao wa vikombe!"

Mbona ubao tu? Mlango je?

"Zamani sikuwa na mlango. Nilikuwa meza ya kupangia vikombe. Mnakiona kile kichanja cha vyombo uani? Nilikuwa ndugu yake. Baadaye nikapata kuta, kisha mlango. Jina likabaki lile lile."

Na Waswahili je?

"Waliniita kabati. Wakanipa kazi nyingi: kabati la vyombo, kabati la nguo, kabati la vitabu. Kabati moja, makabati mawili, kama embe na maembe. Nikawa wa nyumbani."

Waingereza wana msemo pia: mapenzi ya kabati. Ni mapenzi gani hayo? Mtazameni paka. Kabati la dagaa likilia kwiii, huyo miguuni! Likifungwa, haonekani. Anakupenda wewe, au anapenda dagaa?

Sasa nami niwaulize. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kabati lilipewa jembe, sivyo? Basi Mazimbu nayo iliwahi kupata wageni.

Wageni gani, mjomba?

Vijana wa Afrika Kusini, waliokimbia ubaguzi wa rangi. Hapa palikuwa na shamba la zamani la mkonge. Mwaka 1977 Tanzania ikakipa chama chao cha ukombozi, ANC, ardhi hii, wakajenga shule. Shule haikai bila madawati wala makabati. Wakafungua kiwanda cha samani, wakakiita kwa jina la Vuyisile Mini, mpigania uhuru aliyenyongwa mwaka 1964. Jembe lao likawa msumeno na randa.

Mwaka 1992 waliikabidhi Tanzania shule yao. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Mnaona? Neno ni mgeni. Mkaribishe, mpe kazi, atakuwa ndugu.

Haya, wapwa zangu, kalaleni. Kesho asubuhi, mkinywa uji, iulizeni meza: nawe, jina lako lilitoka wapi?