TUCHORE BANDARI, NA MCHUKUZI AWEMO

Ndugu wafanyakazi, safari hii ukurasa wetu unavuka mpaka hadi Dar es Salaam. Huko aliishi Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Shule ya uchoraji hakuingia. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Basi asituambie mtu kwamba brashi haiwezi mkono wenye sugu.

Yeye alipenda kuchora wanyama. Sisi tunapendekeza anayeanza achore bandari, kwa kuwa ni mistari michache. Ukiutazama mji huo kutoka Kigamboni unaona maji, ukingo, mnara mweupe wa kanisa la Azania Front wenye paa jekundu, na jahazi. Maghorofa yaacheni, yatawachosha bure.

Kwanza pakeni ubao mzima bluu iliyochanganywa na nyeupe, kisha muuache ukauke, hata siku mbili. Hapa wengi huharibu kwa haraka: rangi ya mafuta ikiwa mbichi hujichanganya na ile ya juu yake, zote zikawa tope. Ukishakauka, pigeni mstari wa maji, na chini yake bluu nzito. Mwili wa jahazi ni kama kipande cha tikiti. Mlingoti uinamie mbele kidogo, na tanga liwe la pembe tatu.

Picha nyingi za kuuzia watalii huishia hapo: bandari safi, haina mtu. Sisi hatukubali. Shehena haijipakui yenyewe. Makuli wa bandari hiyo ndio walioanza mgomo wa Septemba 1947, ukaenea mpaka miji ya bara kando ya reli. Basi mtieni mchukuzi mmoja ukingoni: doa la kichwa, mgongo uliopinda, gunia, miguu miwili. Mgongo ukinyooka mno, gunia litaonekana tupu.

Tena, pakeni rangi nje au penye madirisha wazi, na msinawe mikono kwa petroli. Rangi kuukuu msiikwangue, kwani nyingi za zamani zina madini ya risasi, sumu kubwa hasa kwa watoto. Mabaki ya karakanani yanafaa, ila ombeni kwanza. Mtu asifukuzwe kazi kwa nusu kopo.