Upimaji wa Aflatoksini katika Mahindi kwa Spektrometa ya Tungamo: Nafasi ya Sampuli katika Uhakika wa Matokeo

Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, hususan Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi yenye aflatoksini, sumukuvu inayotolewa hasa na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na joto la kupikia ugali haliimalizi. Hivyo usalama wa gunia huamuliwa na maabara.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka aflatoksini B1 isizidi maikrogramu 5 kwa kilo, na jumla ya aina zake nne isizidi 10. Ili kupima kiasi kidogo namna hiyo, unga huchanganywa na asetonitrili na maji, kisha kimiminika kilichochujwa hupitishwa katika kromatografia ili viambato vitengane. Ndani ya spektrometa, molekuli ya B1 hupewa chaji na kuonekana kama ioni ya 313. Ioni hiyo hugonganishwa na gesi ikavunjika, na vipande vya 285 na 241 hupimwa. Kipande kimoja hakitoshi kuitambulisha sumu: vyote viwili sharti vitokee kwa wakati mmoja, na kwa uwiano ule ule unaoonekana katika aflatoksini halisi ya rejea.

Mafuta na viambato vingine vya nafaka huweza kudhoofisha uundaji wa ioni, na sumu ikaonekana pungufu. Kwa sababu hiyo huongezwa aflatoksini ambayo kaboni zake zote 17 ni kaboni-13. Hiyo huonekana kwenye 330, na kwa kuwa hudhoofika sawa na B1, upungufu hukokotolewa.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi kwa kawaida hutokea kabla mashine haijawashwa. Kuvu haienei sawasawa katika gunia. Kilo 5 za mahindi zenye punje moja tu iliyobeba maikrogramu 50 zina wastani wa 10 kwa kilo, yaani ukomo wenyewe. Mtafiti akichota gramu 100 za punje kabla ya kusaga, mara nyingi ataikosa punje hiyo na kusoma sifuri. Akiipata, atasoma 500. Jibu la kwanza laweza kupitisha chakula kisichofaa, na la pili kumnyima mkulima mavuno yake. Tasnifu inayoeleza mashine kwa kurasa kadhaa, kisha ikanyamaza kuhusu idadi ya sehemu zilizochotwa na kama sampuli yote ilisagwa kabla ya kugawanywa, haijampa mtahini njia ya kuyapima matokeo yake.