Nunua Jani, Usinunue Bua

Ifikapo Agosti, malisho ya Kanda ya Kati yakishakauka, wafugaji wa Dodoma, Singida na Manyara huanza kuulizana bei ya robota la hei. Wakati huo bei imeshapanda, na robota lenyewe halina uzito maalumu: moja litakuwa na kilo 10, jingine 20. Tumia mzani wa kuning'iniza, ule wa wanunuzi wa nafaka. Chagua mwenyewe marobota mawili matatu, yapime, ugawanye bei kwa kilo, ndipo ulinganishe na muuzaji mwingine.

Kwa mwenye mbuzi, hata hivyo, bei ya kilo haitoshi. Hei nyingi ya sokoni ni ya nyasi, hasa Rhodes, na imekatwa ikikusudiwa ng'ombe. Kondoo ataila bila shida kwa kuwa yeye ni mla nyasi. Mbuzi ni mla majani ya miti na vichaka. Mdomo wake mwembamba umeumbwa kuchambua jani na kuacha kijiti. Mpe robota la mashina makavu uone: atachokonoa, atavuta vijani vichache, atakanyaga yaliyobaki. Pesa yako imelala chini.

Tatizo jingine ni protini. Vijidudu vilivyomo katika tumbo la kwanza la mnyama anayecheua ndivyo vinavyomeng'enya nyuzinyuzi, navyo huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 7 au 8 hivi ili vifanye kazi. Mabua ya mahindi huwa na asilimia 3 hadi 5, na nyasi zilizosimama mbugani mpaka Septemba hazipishani nayo sana. Mbuzi anaweza kushinda na tumbo limejaa na bado akakonda. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri hufika asilimia 10 na kuzidi, na ya kunde pia. Hapa ndipo penye unafuu wa kweli: mabaki ya mikunde, ambayo wakulima wengi huyaacha shambani au huyachoma.

Kwa hiyo soko lako ni uwanja wa kupuria, na msimu wako wa kununua ni mavuno. Karanga zinapong'olewa, mwishoni mwa mvua, nenda kwa mkulima kabla hajamaliza kuzichambua na mpatane juu ya majani. Wengine hukubali kubadilishana na samadi, wengine na nguvukazi ya siku moja. Mbaazi huja baadaye. Babati, mkoani Manyara, huvunwa karibu Julai hadi Septemba, na makapi yake baada ya kupurwa, yaani majani, maganda na vipande vya mbegu, hupatikana wakati mifugo inayahitaji zaidi. Maharage yana bua gumu na protini ndogo kuliko karanga, lakini bado yanayashinda mabua ya mahindi.

Ubora wa majani ya karanga uko kwenye jani, na jani hupukutika upesi. Ukiyaacha juani mpaka yakatike mkononi, utabeba nyumbani vijiti vitupu. Yaanike juu ya kichanja, yageuze taratibu, na uyafunge matita asubuhi mapema, umande ukiwa umeyalainisha kidogo, kisha uyaache kivulini yamalizie kukauka. Kung'uta mchanga wote. Kabla ya kuyarundika ghalani, fanya jaribio hili: katakata majani ya kujaza kiganja kimoja, weka kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishikamana mabonge, majani bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yataota ukungu. Yenye ukungu usimpe mnyama, hata kama uliyapata bure.

Sasa piga hesabu. Mbuzi wa kilo 30 hula karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Wakiwa 20, kwa siku 120 za kiangazi, wanahitaji kilo 2,400. Kama nusu wataipata porini, zinabaki kilo 1,200, na kwa kuwa hei iliyokauka bado ina maji kidogo, hifadhi kilo 1,350 au zaidi. Kufunga kwa mkono kunawezekana: sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, lililo wazi juu na chini, hutoa robota la kilo 20 hivi likishindiliwa vizuri.

Nyongeza ya bei ndogo iko chini ya miti. Maganda ya mgunga huanguka kiangazi na yana protini nzuri, ila mbegu zake ngumu hupita tumboni zikiwa nzima, kwa hiyo yatwange kwanza. Majani ya mti wa lukina nayo ni mazuri, mradi yasizidi theluthi ya chakula, maana yana sumu inayoweza kunyonyoa manyoya. Mwenye ardhi aige ngitili ya Wasukuma: eneo hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi. Shinyanga waliifufua kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986, na ninatamani wilaya nyingi zaidi zingejifunza kwao. Jihadhari tu na chipukizi za mtama baada ya ukame. Huweza kuwa na sianidi inayoua mnyama kwa muda mfupi.

Lishia kwenye hori lililoinuliwa, au ning'iniza matita, kwa sababu mbuzi hataki chakula kilichoguswa na mavi. Badili chakula polepole kwa wiki moja hivi, na maji yawepo muda wote. Mnyama anayekula vikavu bila maji huacha kula.

Na majani ya karanga usiyagawe sawa kwa kundi zima. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, na sehemu kubwa ya uzito wa kitoto huongezeka katika wiki sita za mwisho. Watenge majike waliofika hapo, wao ndio wapewe majani ya karanga na makapi ya mbaazi. Madume na majike wasio na mimba watavumilia mabua yaliyokatwakatwa, wakiongezewa konzi ya maganda ya mgunga jioni.