Tiba ya Akili: Karibu na Nyumbani au Mbali?

Familia inayouguza mtu mwenye maradhi ya akili huogopa kwanza bei ya dawa. Lakini dawa nyingi za msingi ni za siku nyingi na si ghali. Kinachomaliza akiba ni nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea. Tulinganishe njia nne.

Hospitali ya taifa. Mirembe, Dodoma, ina mabingwa na wodi. Aliyezidiwa hadi kuhatarisha maisha yake anahitaji huduma ya hospitali ya namna hiyo. Ila kwa familia ya Kigoma au Mtwara, kila kliniki ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Nauli ikikosekana dawa zinakatika, na ugonjwa unarudi.

Mtaalamu binafsi. Kuna faragha na muda wa mazungumzo, lakini wengi wako mijini na kila kikao kinalipiwa. Uliza mapema idadi ya vikao, na kama bima yako inavigharamia.

Mganga au maombi. Ni karibu, ila malipo huongezeka bila kikomo. Imani hufariji, isimwachishe mgonjwa dawa. Wakimfunga minyororo, mwondoe siku hiyohiyo.

Zahanati au kituo cha afya. Nauli ni ndogo, na anayeendelea vizuri anaweza kuchukua dawa na kuwahi kazini. Kasoro zake ni dawa kuisha na wahudumu kukosa mafunzo. Asiye na uwezo amwone ofisa ustawi wa jamii aombe msamaha wa malipo.

Kwa wengi, hii ya nne ndiyo nafuu ya kweli, na kasoro zake zinarekebishika. Huko Harare, bibi wa mitaani walifunzwa kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6, takriban 14% ya waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya 50% ya waliopata huduma ya kawaida.

Hata hivyo, takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha kuwa nchi za kipato cha kati zilipeleka zaidi ya 70% ya fedha za serikali za afya ya akili kwenye hospitali za magonjwa ya akili. Huduma inapokosekana karibu, wa kijijini hulipia pengo hilo kwa nauli. Bajeti ya halmashauri ikijadiliwa, mwulize diwani wako: zahanati yetu imetengewa dawa za akili za miezi mingapi, na ni muuguzi yupi atakayefunzwa?