Mikono alikuwa nayo, kiti hakuwa nacho

Una miaka 25 na tayari unajiambia umechelewa? Hebu msikie Anne Wafula Strike. Alizaliwa Bungoma mwaka wa 1969, polio ikamlemaza akiwa mtoto mdogo. Akasoma, akawa mwalimu, kisha akahamia Uingereza. Huko ndiko alikoanzia mbio za viti vya magurudumu, akiwa ameshapita miaka 30! Kiti chenyewe si kile cha hospitali: kina magurudumu matatu, ni chepesi, na mwendo wote unatoka mabegani.

Mwaka wa 2004 alivalia jezi ya Kenya kwenye Paralimpiki jijini Athens. Baadaye akaiwakilisha Uingereza.

Mikono alikuwa nayo tangu Bungoma. Sasa jiulize: mtaani kwenu, nani bado anangoja kiti?