Gari Linapolia Usiku wa Manane na Mwizi Hayupo

Saa nane za usiku mtaa umetulia, mara gari la mtu laanza kulia. Mtoto mchanga wa nyumba ya pili hushtuka, mgonjwa hukosa usingizi, na mwenye gari hubonyeza rimoti akiona haya. Baada ya nusu saa, lalia tena. Ufikapo usiku wa tatu hakuna anayechungulia dirishani, na hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko kelele zenyewe: mwizi akija kweli, hakuna atakayeamka.

Wengi hudhani alamu imeharibika. Aghalabu huwa nzima, ila imeletewa habari ya uongo. King'ora hakina macho. Husadiki kinachoambiwa na swichi za milango, ya buti na ya boneti, pamoja na sensa ya mtikisiko iliyofichwa chini ya dashibodi. Kazi, basi, ni kumtafuta mwongo. Alamu nyingi humtaja zenyewe: ukizizima baada ya kulia, taa ndogo ya dashibodi humetameta mara kadhaa, na idadi hiyo ina maana yake katika kijitabu cha alamu. Ihesabu kabla hujawasha gari, kwani katika nyingi kumbukumbu hiyo hufutika gari likishawashwa.

Kwetu pwani, wa kwanza kushukiwa ni swichi ya boneti. Imekaa mbele, penye hewa ya chumvi, unyevu na maji ya kuoshea gari. Ikishika kutu, umeme hupita kwa kusitasita, na kila usitapo alamu huelewa kwamba boneti imefunguliwa. Ijaribu hivi: funga gari kwa rimoti, subiri dakika moja, kisha gandamiza boneti kwa kiganja, polepole, bila kulitikisa gari. Likilia, umempata. Swichi husafishwa kwa brashi ya meno kuukuu na dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Mpira wake ukiwa umechanika au springi imelegea, hubadilishwa hiyo peke yake. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo, wala si sababu ya mtu kuuziwa alamu mpya. Milango nayo hupimwa kwa taa ya ndani: ikiwa milango yote imefungwa na taa bado yawaka au yapepesa, upo mmoja ambao swichi yake haitambui kwamba umefungwa.

Kisha kuna paka. Injini iliyotoka safari ina joto tamu, na paka wa mitaa yetu wanalijua hilo kuliko mafundi. Akipanda au kugeuka usingizini, sensa ya mtikisiko humhesabu mwizi. Kadhalika embe linaloanguka na lori lipitalo kwenye uchochoro. (Wenzetu wa Lamu mjini, ambako punda ndiye gari, wamesalimika na haya.) Sensa nyingi zina skrubu ndogo ya kupunguza wepesi wake. Izungushe kidogo tu, kisha gonga kioo kwa kiganja: kwa pigo la haja ilie, kwa mguso inyamaze. Magari mengine yana sensa ya kutambua mwendo ndani ya gari, na hizo huhadaika hata kwa puto lililosahauliwa baada ya sherehe, au upepo upitao dirisha lililoachwa wazi kidogo.

Betri isisahauliwe. Iliyojaa vyema huonyesha takriban volti 12.6 asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikishuka chini ya 12.2, imedhoofika, na alamu nyingi huanza kupayuka umeme ukipungua. Joto letu hufupisha umri wa betri. Tazama pia kama vichwa vyake vina unga mweupe au wa kijani.

Kwa mama aliye peke yake na watoto, baba yuko safarini au kazini Ghuba, usitoke mbio kwa sababu king'ora kimelia. Washa taa ya nje, tazama kutoka dirishani, zima kwa rimoti ukiwa ndani. Ikikataa, huenda ni betri ya rimoti yenyewe, ile bapa ya duara. Ukiona mtu, usimwendee. Mpigie jirani na polisi.

Wala usimruhusu mtu akate waya wa king'ora ili watu walale. Mara nyingi alamu imeunganishwa na njia ya kuwashia injini, na akikosea waya, asubuhi gari huenda lisiwake. Kung'oa waya wa betri nako hakusaidii daima, maana baadhi ya ving'ora vina betri yake ndani. Afadhali mwite fundi wa umeme wa magari, umweleze taa ilimeta mara ngapi, saa ngapi, na gari lilikuwa limeegeshwa wapi. Mwombe aanze na boneti.