Nikeli ya Kabanga na Mfuko wa Wananchi

Jina la Mabibo ni funzo tosha kwa atakaye kujua biashara ya mali ghafi. Bibo ni tunda la mkorosho. Huliwa papo hapo au huoza chini ya mti, na korosho ndiyo isafiriyo. Kwa miaka mingi korosho ghafi zetu zimekwenda kubanguliwa India, na ujira wa kubangua ukabaki huko huko.

Sasa shauri hilo hilo limefika kwenye nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, na kwa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 ikapata hisa asilimia 16 bila kuzilipia. Nikeli hiyo yahitajiwa na waundao betri za magari ya umeme. Mataifa makubwa huyahesabu madini ya namna hii kuwa ngao yao. Hata Marekani, ihubiriyo soko huria, Julai 2025 Wizara yake ya Ulinzi ilikubali kununua hisa za dola milioni 400 katika kampuni ya MP Materials, ichimbayo madini adimu. Je, sisi tukae tukingojea asilimia 16 zetu?

Wako wasemao kwamba fedha ya wananchi haichezewi kamari. Hoja yao si ya kudharauliwa. Machi 2022 bei ya nikeli katika soko la London iligusa dola 100,000 kwa tani. Miaka miwili baadaye ilikuwa chini ya 20,000. Nasi twavikumbuka viwanda vya korosho vya kusini, vilivyojengwa kwa mikopo katika miaka ya 1970. Vingi vilinyamaza, lakini mkopo haunyamazi.

Hata hivyo, aliyeiangusha bei hiyo ni nani? Kwa sehemu kubwa ni Indonesia, iliyozuia nikeli ghafi isitoke nchini tangu Januari 2020, mitambo ya kuyeyushia ikajengwa kwake, soko likajaa. Asiye na mtambo hupangiwa bei na mwenye nao.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Serikali na itie fedha, lakini iitie kwanza katika vitu visivyokufa bei ikifa: umeme, reli, na mafunzo ya vijana wetu, ambavyo mkulima na fundi watavitumia pia. Mtambo wa kusafishia uliokusudiwa kujengwa Kahama, palipokuwa na mgodi wa Buzwagi, usiachwe nyuma ya shimo la Kabanga, viende pamoja. Tena kila shilingi itolewayo itangazwe hadharani, pamoja na faida au hasara yake.

Mama auzaye ndizi katika soko la Mabibo hulipa ushuru wake, na asipolipa huulizwa. Naye ana haki ya kuuliza ulikokwenda.